Nani Amefungua Mlango wa Tembe?

Maneno ya Kamati ya Elimu na Mawasiliano katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Tunajua kwamba baada yetu kuna harambee, na baada ya harambee kuna chakula, kwa hiyo hatutawachosha. Tumeombwa tuzungumzie namna ya kulinda kompyuta zetu za nyumbani. Baadhi yenu mtasema hayo ni mambo ya vijana wa mjini. Tunaomba mtusikilize hadi mwisho wa kisa kimoja tu, ndipo muamue yanamhusu nani.

Kisa cha mabati ya bweni

Mnakumbuka kwamba mwaka jana tulikubaliana bweni la wasichana la shule yetu ya kata liezekwe kabla ya mvua za Novemba. Kuta zilikuwa zimesimama. Fundi alikuwa amepatikana. Yalibaki mabati, nayo yaligawanywa kwa matawi: Dar es Salaam fungu lake, Mwanza fungu lake, Dodoma fungu lake, nyumbani fungu lao, na ndugu zetu walio nje ya nchi fungu lao. Mvua zikaja, bweni halijaezekwa. Wengi mmetuuliza kwa nini. Leo tunajibu mbele yenu wote, kwa idhini ya mama yetu Mhazini, ambaye alituambia hivi: "Lisemeni. Mkilificha, atakayefuata ataibiwa vile vile."

Vitabu vya Chama vilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Ni kompyuta hiyo hiyo watoto waliyotumia kwa masomo, filamu na michezo. Siku moja kijana wa nyumba alitaka programu ya kuhariri video za harusi. Ile halali inauzwa ghali. Akapata ya bure mtandaoni, imefungashwa pamoja na kitu cha kuvunja kufuli la leseni. Maelezo yake yalimwambia kwanza azime kinga ya virusi, la sivyo haitafanya kazi. Akazima. Programu ikafanya kazi, video ikatoka nzuri, bibi harusi akafurahi, na hakuna aliyeona tofauti yoyote kwenye mashine.

Lakini ndani ya programu ile alikuwamo mgeni wa pili. Kazi yake ilikuwa moja: kukusanya nywila zote ambazo kompyuta ilikuwa imezihifadhi ili watumiaji wasiziandike kila mara, na kuzipeleka kwa aliyemtuma. Mojawapo ilikuwa nywila ya barua pepe ya Chama.

Mwizi hakuiba kitu siku hiyo. Alisoma. Tulikuja kuliona hilo baadaye katika kumbukumbu za akaunti: kifaa tusichokijua kilikuwa kikiingia na kutoka kwa zaidi ya wiki mbili. Alijua majina ya wenyeviti wa matawi. Alijua kila tawi linadaiwa mabati mangapi. Alijua hata namna Mama Mhazini anavyoanza barua zake, kwa "Ndugu zangu wapendwa," na anavyozimaliza kwa kuwasalimia wagonjwa.

Kisha Ijumaa moja jioni, benki zimeshafungwa, barua ikatoka. Ilitoka kwenye anwani yetu halisi, wala haikuwa ya kuigiza. Ilianza kwa "Ndugu zangu wapendwa." Ilisema akaunti ya Chama iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo michango ya mabati itumwe kwa lipa namba iliyoandikwa chini, tena itumwe kabla ya Jumatatu kwa sababu mwenye duka anapandisha bei. Mwishoni iliwasalimia wagonjwa.

Matawi mawili yalituma. Hatutaki mtu awacheke. Barua ilitoka kwetu, ilizungumza kama sisi, na iliomba kitu ambacho walikuwa tayari wameahidi kukitoa.

Tawi la nyumbani liliokolewa na mzee mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku, ambaye hana kompyuta na simu yake ni kitochi. Mwanawe alipomsomea barua, aliuliza swali moja: "Amepiga simu?" Akajibiwa hapana, ameandika. Mzee akasema, "Basi mpigieni ninyi. Pesa ya watu haitoki bila sauti." Wakapiga. Mama Mhazini alikuwa jikoni, hana habari ya barua wala ya ukaguzi. Hapo ndipo tulipojua.

Siku hiyo hiyo tulitoa taarifa polisi na kwa mtandao wa simu, lakini siku tatu zilikuwa zimepita na pesa ilikuwa imeshatolewa. Shauri lingali mikononi mwa polisi, hivyo hatutalizungumza zaidi. La kwetu ni hili: msimu mzima wa mvua umekwisha, wasichana wetu wengine wakiwa wamepanga vyumba mitaani bila mtu mzima wa kuwaangalia, na wengine wakitoka vijijini kabla hakujapambazuka ili wawahi darasa. Kuta za bweni zimelowa. Hiyo ndiyo gharama ya programu moja ya bure.

Watani zetu Wazaramo tuliowaalika leo watacheka kwamba Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka pwani hadi maziwa makuu bila kuipoteza wameibiwa wakiwa wameketi sebuleni. Tunawaruhusu wacheke. Wakimaliza, wachangie.

Babu zetu waliijua njia

Tukiwa watu wa Tabora, hili la njia yenye faida na hatari kwa pamoja si geni kwetu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kwetu, Unyanyembe. Wapagazi walibeba nguo, shanga na waya kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu. Safari ya pwani hadi Tabora iliweza kuchukua miezi mitatu. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofanywa watumwa. Njia hiyo hiyo ilileta ndui, ikisafiri kambi kwa kambi pamoja na mizigo. Na mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya kwenda Ujiji, kila mtu aliumia. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilibidi azunguke kusini.

Mtandao ndio njia yetu ya misafara. Unaleta barua za watoto walio mbali, masomo, bei za mazao na pesa za michango. Unaleta pia ndui yake na wezi wake. Kuifunga njia si dawa, maana Chama hiki kisingekutanisha watu wa Sikonge, Muscat na London bila mtandao. Dawa ni kujua namna ya kuishi kando ya njia.

Nendeni Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, mkaone tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Leo ni makumbusho. Kuta ni nene, za udongo, paa ni bapa, na vyumba vimezunguka ua. Lakini ukuta peke yake haukutosha kumlinda mtu. Ilibidi pia mwenye nyumba ajue mlangoni amepita nani, na asiyejulikana asimame nje apige hodi hadi aulizwe ametoka wapi na amefuata nini.

Mwizi wetu hakutoboa ukuta. Alifunguliwa mlango, tena mara mbili. Mara ya kwanza alifunguliwa na kijana aliyezima kinga ili apate kitu cha bure. Mara ya pili alifunguliwa na watu wazima waliotuma pesa kwa sababu waliambiwa wafanye haraka. Kwa hiyo mambo tutakayowaambia sasa hayahitaji utaalamu wala kununua kitu cha ghali. Yote yanahusu mlango na mtu anayeufungua.

Mlango wa kwanza: programu za bure zilizovunjwa

Programu ya kuuzwa inapotolewa bure na mtu usiyemjua, jiulize analipwa na nani. Mara nyingi malipo yake ni nywila zako. Na maelezo yoyote yanayokuambia uzime kinga ndipo programu iingie, yachukulie kama mgeni anayekuambia ufunge mbwa kwanza ndipo apite.

Kuna programu za bure zilizo halali. LibreOffice inaandika barua na kupanga mahesabu, na Kdenlive inahariri video. Zipakue kwenye tovuti za wenyewe, si kwenye tovuti ya mtu wa kati. Kompyuta yenye Windows 10 au 11 ina kinga yake iliyokuja nayo, na kwa nyumba nyingi inatosha, mradi isizimwe na isasishwe. Huna haja ya kurundika kinga tatu juu ya kompyuta moja. Zitagombana na kuifanya iwe nzito.

Jambo jingine: mfungulie kila mtu wa nyumba akaunti yake kwenye kompyuta, na akaunti za watoto zisiwe na ruhusa ya kuingiza programu. Ni kazi ya dakika kumi. Kama Mama Mhazini angekuwa ameoneshwa hilo mapema, programu ile ingemwomba kijana nywila ya mwenye mashine, na huenda tungekuwa tunazindua bweni leo. Kosa la kutomwonesha ni letu sisi wa kamati.

Mlango wa pili: flashi inayotembea

Flashi moja inatoka ofisini, inapita steshenari kuchapa barua, inakwenda kwa jirani kuchukua filamu, kisha inalala kwenye kompyuta ya nyumbani. Hivyo ndivyo ndui ilivyotembea kambi kwa kambi. Wengi wenu mmeona dalili: unafungua flashi, mafolda yako yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo, au hayaonekani kabisa. Mafaili mara nyingi bado yamo, yamefichwa tu, na kile kialama ni mtego. Ukikibofya, wewe mwenyewe unaiamsha programu ya virusi.

Ukiona hivyo, usibofye kitu. Iamuru kinga ya kompyuta ichunguze flashi kwanza. Vizuri zaidi, tenga flashi moja ya steshenari peke yake, uweke ndani yake ile barua tu unayotaka kuchapa, na ukirudi uifute yote. Na ukifungua barua pepe yako kwenye kompyuta ya steshenari, toka kabisa kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Kufunga dirisha tu hakutoshi.

Mlango wa tatu: masasisho tunayoyaahirisha

Kompyuta ikikuletea ujumbe kwamba kuna masasisho, wengi tunabofya "baadaye" kwa kuogopa bando. Tunaelewa, bando ni pesa. Lakini sikilizeni kilichotokea tarehe 12 Mei 2017. Kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kusambaa, na kwa siku chache kikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili ya watu kwa kufuli la siri, kisha kikadai dola 300 ili yafunguliwe. Uingereza, hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa kwa sababu mashine hazifunguki. Na kirusi hicho hakikungoja mtu abofye kitu. Kilipita chenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia ufa ndani ya Windows.

Linalouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa ule mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale waliobofya "baadaye," au waliokuwa na mashine za zamani zisizoletewa masasisho. Wahenga walishatuambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo ruhusu masasisho, hata kama ni usiku mmoja wa wiki wakati bando la usiku ni nafuu. Na mfahamu kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine hiyo aangalie kama inaweza kupokea Windows 11, au kama anaweza kujiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama. Kama haiwezi chochote, isitumike tena kwa benki wala kwa vitabu vya Chama. Itumike kwa filamu.

Mlango wa nne: nywila moja kwa kila kitu

Katika semina ndogo tuliyofanya tuliwaomba washiriki wasitutajie nywila zao, watueleze tu zimetungwaje. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Namba ya simu. Jina la timu. Na wengi wanatumia hiyo hiyo kwa barua pepe, kwa Facebook na kwa benki. Nywila ya namna hiyo ni ufunguo mmoja unaofungua nyumba, ghala na sanduku. Ukiokotwa, yote yamekwenda.

Tunga nywila ndefu kwa maneno manne yasiyohusiana, kama vile mwembe, treni, asali, kibuyu. Msitumie hayo tuliyotaja, maana sasa tumeyajua mkutano mzima. Barua pepe iwe na nywila yake ya peke yake isiyotumika popote, kwa sababu barua pepe ndiyo mama wa akaunti nyingine zote: anayeishika anaweza kuomba nywila nyingine zibadilishwe. Kama kukumbuka ni taabu, ziandike katika daftari unalolifungia kabatini. Mwizi wa mtandao hawezi kufungua kabati lako Ipuli.

Kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp. Maana yake ni kwamba hata mtu akiijua nywila, mlango utadai ufunguo wa pili, ambao uko kwenye simu yako au kichwani mwako. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho kingemzuia mwizi wetu hata baada ya kupata nywila. Ukitaka kuchukua jambo moja tu katika hotuba hii, chukua hili, na vijana wetu walioketi pale nyuma watakuwekea kabla ya chakula.

Mlango wa tano: haraka

Milango minne ya kwanza iko kwenye mashine. Huu wa tano uko kifuani.

Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii." Tunaucheka, lakini wanaoutuma hawaachi, kwa sababu katika watu wengi humpata mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa pesa siku hiyo. Ndugu zake ujumbe huo ni wengi. Kuna anayejifanya mwalimu: mwanao ameanguka shuleni, tuma ya matibabu upesi. Kuna anayejifanya mhudumu wa mtandao wa simu: tumekosea kukutumia pesa, irudishe. Kuna barua yenye kiungo kinachokupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa benki yako, lakini anwani yake juu ina herufi moja iliyozidi. Kuna anayeomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, eti zimekuja kwako kwa bahati mbaya. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, dakika tano baadaye yeye ni wewe, naye ataanza kuwachangisha ndugu zako msiba usiokuwapo.

Wote hao wana kitu kimoja kinachofanana: wanakuharakisha. Wanataka ufanye kabla hujafikiri, na kabla hujamuuliza mtu. Kwa hiyo mkikutana na haraka na pesa katika ujumbe mmoja, simameni. Mpigieni mnayemjua kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo. Na kabla ya kuweka namba ya siri, someni jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Katika matawi yaliyotuma pesa, jina lililotokea halikuwa la Chama. Walilisoma, wakadhani ni jina la mwenye duka la mabati.

Kama mlango umeshafunguliwa

Likikupata, usione aibu na usikae kimya. Aibu ni rafiki wa mwizi, maana kila saa unayonyamaza anaitumia.

Itoe kompyuta kwenye intaneti. Badilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kisha ya benki, kisha nyingine. Toa vifaa vyote usivyovijua kwenye akaunti yako. Pigia simu benki au mtandao wa simu wazuie pesa kama bado haijatolewa. Toa taarifa polisi; udanganyifu wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usifute ujumbe wa mwizi, kwa sababu ni ushahidi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia namba 15040. Na kila mmoja wetu abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, ifuatilie ifutwe, isije ikatumika kuibia watu kwa jina lako.

Halafu wajulishe unaowajua. Sauti moja iliyosema mapema iliokoa fungu la nyumbani.

Na ili siku hiyo isikukute mikono mitupu, weka nakala ya mambo yako muhimu kwenye diski ya pembeni: picha, vyeti, hati ya kiwanja, vitabu vya hesabu. Ukimaliza kunakili, ichomoe uiweke kabatini. Diski inayokaa imechomekwa wakati wote itafungwa kufuli pamoja na kompyuta yenyewe.

Kanuni mpya za Chama

Chama kinashika majina yenu, namba zenu za simu, na kwa baadhi nakala za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzitunze, lakini hata bila sheria tungepaswa, kwa sababu mlitukabidhi. Kamati Tendaji imepitisha kanuni nne:

Kwanza, akaunti ya Chama haibadiliki kwa ujumbe. Namba yake ni ile iliyochapwa nyuma ya kijitabu hiki. Itakapobadilika, itabadilishiwa katika mkutano kama huu, na kuchapwa upya. Barua yoyote inayosema vinginevyo, hata ikitoka kwenye anwani yetu na kuwasalimia wagonjwa, ni ya mwizi.

Pili, hakuna malipo ya Chama yatakayotoka kwa barua peke yake. Watu wawili watathibitisha, na watasikia sauti ya anayeomba. Mzee wetu wa Urambo ametupa kanuni hii bila kujua kwamba anatunga kanuni.

Tatu, vitabu vya Chama vitahamia kwenye kompyuta ya Chama, ambayo haitafanya kazi nyingine yoyote, na nakala yake itafungiwa mahali pengine.

Nne, hakuna kiongozi wa Chama atakayewaomba nywila, namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu zenu. Atakayeomba, mkatalieni, hata kama ni Mwenyekiti. Yeye mwenyewe ameomba tuliseme hili mbele yake.

Tunachoomba

Ndugu zetu, katika mwaka huu tumesikia baadhi yenu mkisema: sitachanga tena, najuaje pesa yangu itafika? Hatuwalaumu. Mwizi yule alichukua mabati, lakini kama tukiacha kuchangiana atakuwa amechukua Chama chenyewe, na hilo hakuweza kulifanya bila sisi kumsaidia.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza ni mabati ya bweni, yale yale ya mwaka jana, ili mvua zijazo ziwakute wasichana wetu chini ya paa. Kadi ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mchango wako utapokewa kwa akaunti iliyochapwa au mezani kwa stakabadhi, na orodha itabandikwa kwenye ubao wa shule ili mzazi yeyote aisome. La pili ni kompyuta ya Chama pamoja na siku mbili za mafunzo wakati wa likizo, pale shuleni, kwa wanafunzi, walimu na wanachama wa vyama vya ushirika wanaolipwa pesa za tumbaku na asali kupitia simu na benki. Wao ndio wanaotafutwa zaidi na wezi wakati wa mauzo.

Sisi wanakamati tumeanza. Kila mmoja wetu ameahidi mabati kumi. Yule kijana aliyezima kinga hakuombwa na mtu. Alikuja mwenyewe kwa Mama Mhazini, akasema video za harusi zitakazofuata atazihariri kwa programu halali, na malipo ya tatu za kwanza yatakuwa mabati. Ameketi pale nyuma. Ni mmoja wa watakaowawekea hatua mbili kwenye simu zenu.

Mkishatusikia, msituamini kwa maandishi. Pigeni simu muulize. Pesa ya watu haitoki bila sauti.